Kilima cha Jioni

Fundi alikuwa amepiga magoti, akichora kuuzunguka mguu wa kulia wa mwalimu uliokanyaga kipande cha kadibodi. Penseli ilipita nyuma ya kisigino, ikafuata upande wa ndani, na ilipofika chini ya kidole gumba mwalimu akacheka na kuuvuta mguu.

"Usinitekenye, fundi."

"Sikutekenyi. Simama vizuri. Weka uzito wako wote, kama umesimama mbele ya darasa."

"Mbele ya darasa nimesimama tangu asubuhi. Hapa nilidhani nakuja kukaa."

"Ndiyo maana nikakwambia urudi jioni."

Mtaani walimwita Rudi Jioni. Mtu aliyekuja asubuhi kutaka kiatu kipya alipewa kiti, akaulizwa habari za nyumbani, kisha akaambiwa kwa upole kwamba vipimo huchukuliwa jioni. Wengine walinuna. Wengine hawakurudi. Fundi hakubadilika. Mguu uliotoka kitandani, alisema, ni mwembamba na umepumzika, unakubali kiatu chochote utakachouvisha. Baada ya kutwa nzima ya kusimama huvimba, ukapanuka mbele, na hapo ndipo unapojua mwenyewe ataishi na kiatu cha namna gani. Hakuna aliyemfundisha jambo hilo. Alilijua kwa viatu vilivyokuwa vikirudishwa, miaka ile alipokuwa anaanza.

Aliushika mguu wa mwalimu, akaurudisha kwenye mstari, akamalizia vidole. Alipoinua kichwa ili aombe mguu wa kushoto, aliona nje ya mlango kitu kilichomfanya asahau alichotaka kusema. Mke wake alikuwa anapanda barabara, mgongo umeinama, akiisukuma baiskeli.

Ilikuwa baiskeli ya umeme, nyeusi tii, yenye matairi manene kama ya pikipiki na betri ndefu iliyolala kwenye mti wake wa juu, lile bomba la fremu kati ya kiti na usukani. Hapo mtaani watoto walikuwa wamekwisha kuipa jina la Simba. Sasa Simba alikuwa anasukumwa kama mkokoteni wenye gurudumu bovu.

"Betri imeisha?" fundi aliuliza kutoka mlangoni.

Mke wake aliiegemeza ukutani kwanza, akapumua mara kadhaa. "Betri imejaa," alisema. "Umeme inao. Mimi ndiye sina."

Mwalimu, ambaye alikuwa amebaki na kiatu kimoja na sasa ameketi kusubiri, alijisogeza kwenye kigoda. "Njoo ukae hapa, dada."

"Kaa wewe, mwalimu. Wewe una mguu mmoja."

Akakaa kizingitini, akanyoosha miguu, akaiweka mikono juu ya mapaja huku viganja vikitazama juu. Alikuwa dobi katika hospitali iliyo juu ya kilima cha pili, ng'ambo ya bonde. Kutwa nzima alikuwa akitoa mashuka mazito kwenye mashine, akiyakung'uta na kuyatandaza, na kufikia saa za kutoka vidole vyake vilikuwa vimejaa na kukunjamana, havikunjiki vizuri. Fundi aliitazama mikono ile. Alikuwa anaiona kila siku, lakini alihisi kwamba leo ilikuwa inamwambia jambo ambalo hakuwa amelisikiliza.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Hospitali ilikuwa imeondoa basi la wafanyakazi. Waliokaa upande wa huku walilazimika kuteremka mpaka darajani, kisha kupanda kilima cha hospitali kwa miguu, na jioni kuteremka huko na kupanda cha nyumbani. Mke wa fundi alikuwa anafika akiwa amechelewa, na magoti yanamwaka, na mashuka ya chumba cha upasuaji hayasubiri mtu. Msimamizi wake hakuwa mtu mbaya. Alimwita kando Jumamosi iliyopita, akamwambia kwamba mpaka Ijumaa anataka jibu: kama ataweza kuwahi zamu ya kwanza kila siku, nafasi ni yake, kama hataweza, atampa mwingine, na nafasi nyingine haipo. Leo ilikuwa Alhamisi. Kazi ile alikuwa nayo kabla hajawa na mume. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema anaipenda. Alikuwa akisema tu kwamba ni yake.

Ndipo fundi alipopata wazo la baiskeli ya umeme. Chini karibu na daraja palikuwa na duka la mtu waliyemwita Kocha, ambaye zamani alikuwa anafundisha waendesha baiskeli wa mashindano na mpaka leo alikuwa anavaa filimbi shingoni. Jumapili asubuhi walikwenda pamoja, mke akiwa amevaa raba zake mpya. Kocha aliwaruhusu waichukue Simba waijaribu mpaka Ijumaa, mradi isirudi na mkwaruzo. Mvua ilinyesha mpaka Jumatano, kwa hiyo leo ndiyo siku ya kwanza aliyokwenda nayo kazini.

"Nieleze polepole," fundi alisema sasa. Alikuwa bado na penseli mkononi. "Ilikataa wapi?"

"Haikukataa. Hicho ndicho kinachoniuma, hata kuitukana siwezi." Mke wake alifumba macho. "Kutoka hospitali nimeteremka vizuri, ila breki zake zinataka mkono wa mwanamume aliyetoka kulala. Nimezishika kwa vidole vyote nane, na bado naona daraja linanijia. Nimefika chini, askari wa barabarani akanyanyua mkono. Nikasimama. Nyuma yangu lori. Askari akashusha mkono, nikakanyaga pedeli. Kimya. Nikakanyaga tena."

"Haikukupa umeme?"

"Inatoa nikishaizungusha. Inataka mimi nianze, halafu yenyewe ije kunisaidia, kama wale wageni wanaosema niachie hicho chungu wakati umeshakiosha. Lori likapiga honi. Nikashuka. Nikashuka mbele za watu wote, nikaanza kusukuma."

"Jumapili ilipanda," fundi alisema, bila ubishi, kama mtu anayetafuta sindano aliyoiweka mwenyewe. "Ulipita darajani kama upepo."

"Jumapili askari hakuwepo. Niliteremka na mwendo wangu, daraja likapita, nikawa nimeshafika katikati ya kilima kabla hakijajua kwamba nipo. Tena nilikuwa nimelala mpaka jua limetoka, na nimekunywa chai, na wewe unakimbia nyuma yangu unapiga makofi."

Mwalimu akajifunika mdomo.

"Cheka tu, mwalimu. Alikuwa anapiga makofi kama nimefunga goli."

"Ulisema unaipenda," fundi alisema.

"Jumapili niliipenda."

"Na kukaa kwake?"

"Sikai. Nailalia. Usukani uko mbali na uko chini, uzito wote unakuja hapa." Akagusa kifundo cha mkono. "Nikiwa juu yake ni kama bado nakamua shuka."

Mwalimu alikohoa na kuutazama mguu wake uliokuwa juu ya kadibodi, kisha ule uliokuwa bado ndani ya kiatu. "Fundi, sitaki kuharakisha mambo ya watu. Ila huu wa kushoto je?"

Mke wa fundi akafumbua macho. Akaitazama kadibodi, akautazama mguu uliochorwa, vidole vimetawanyika kama mzizi wa tangawizi.

"Mwalimu," alisema, "mara ya kwanza ulikuja lini?"

"Leo asubuhi, nikipita kwenda shuleni. Nikafukuzwa."

"Sikukufukuza," fundi alisema.

"Alinifukuza kwa heshima."

"Kwa sababu mguu wa asubuhi haufai kupimwa."

"Ndivyo alivyoniambia. Alinipa na mfano, nusura nichelewe kengele."

Mke wa fundi akamgeukia mume wake. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka mno kuweza kuwa nayo. "Na mimi," aliuliza, "ulinipima saa ngapi?"

Fundi aliiweka penseli nyuma ya sikio. Akaitoa. Akaiangalia kana kwamba ilikuwa ya mtu mwingine.

"Jumapili asubuhi," alisema.

"Haya, Rudi Jioni!" mwalimu akasema, na safari hii hakujizuia kucheka. Kisha akainama, akavaa kiatu chake mwenyewe, akasimama. "Mguu wa kushoto utakuja kesho. Hauna pa kwenda. Nyinyi nendeni kwa Kocha kabla hajafunga."

"Nani aende kwa Kocha?" mke wa fundi aliuliza. "Nimetoka huko huko chini sasa hivi. Nimelisukuma hili dude mpaka hapa, sasa nilirudishe?"

"Nitalisukuma mimi," fundi alisema.

"Kesho."

"Kesho unatakiwa utoe jibu. Na usiku ukishalala, utaamka ukiwa si yule ninayetaka kumpima."

"Baba watoto, una roho ngumu kama soli zako."

"Egemea bega langu."

Aliegemea. Waliteremka polepole, yeye upande mmoja na baiskeli upande wa pili, na fundi kati yao kama mtu anayewasindikiza walevi wawili. Baiskeli ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Jumapili hakuwa ameishika; alikuwa ameitazama tu. Palipokuwa na mteremko mkali alizibana breki, na mikono yake, iliyozoea kusukuma sindano kwenye ngozi ngumu, iliusikia ugumu wake. Alizibana tena mara ya pili, makusudi, ili ahakikishe kwamba hakukosea, kisha akatikisa kichwa peke yake.

Walimkuta Kocha akiingiza baiskeli ndani, moja baada ya nyingine.

"Mbona nyuso kama mmetoka mazikoni?" akauliza. "Simba amefanya nini?"

"Simba mzima," fundi alisema. "Imetushinda sisi."

"Hiyo ndiyo yenye nguvu kuliko zote humu ndani, fundi. Uliniuliza ipi ina nguvu, nikakuonyesha."

"Ulinionyesha."

"Sasa?"

Mke wa fundi akakaa juu ya tairi lililolazwa sakafuni. "Kocha, ndugu yangu, ikishaenda ina nguvu. Nikisimamishwa kwenye kilima, nani ananianzisha?"

Kocha akaacha alichokuwa anakifanya. Akaishika filimbi yake, akaizungusha. "Hapo," alisema. "Mota ya hiyo iko ndani ya gurudumu la nyuma. Kwenye tambarare inakimbia kama wazimu. Kusimama kilimani na kuanza upya, inataka uipe nguvu ya mguu kwanza. Mliniuliza ipi ina nguvu. Hamkuniuliza ipi inajua kuanza." Akafikiri kidogo. "Na mimi sikukuuliza unatoka kazini ukiwa na hali gani, dada. Nimezoea vijana wanaotaka kushinda."

Hakuna aliyemlaumu mwenzake zaidi ya hapo. Fundi alikuwa anatazama pembeni, mahali ambapo Jumapili alitazama mara moja tu. Pale paliegemezwa baiskeli ya rangi ya maziwa, isiyokuwa na mti wa juu, fremu yake imeinama chini kiasi kwamba mtu angeweza kuingia kama anavyoingia mlangoni. Kiti kipana. Usukani umepinda kumwelekea mpandaji. Mbele ina kapu kubwa. Siku ile Kocha alikuwa ameanza kuieleza na fundi akamkatiza kwa kicheko, akaiita kitanda cha wagonjwa.

"Ile," fundi alisema.

"Kitanda?"

"Hicho hicho. Mota yake iko wapi?"

"Kwenye pedeli, katikati. Inatumia gia, kwa hiyo kilimani haichoki upesi. Na hapa kwenye mkono kuna kitufe cha kidole gumba. Ukibonyeza, inajivuta yenyewe mpaka miguu yako ikubali. Breki ni za mafuta, si za waya." Kocha akashusha sauti. "Ila mwendo wake ni wa pole, nisikudanganye. Hii haimpiti mtu."

"Sina wa kumpita," mke wa fundi alisema. Hakuinuka. "Nisikilizeni basi. Nitapanda hicho kitanda mara moja. Sitakanyaga kwa nguvu, kwa sababu sina. Sitasukuma hata hatua moja. Ikinikatalia, nakwenda kulala, na kesho nitamwambia msimamizi ampe mwingine ile zamu. Sitajaribu ya tatu."

Fundi akaitikia kwa kichwa.

Walikwenda mpaka darajani. Magari yalikuwa bado mengi, na askari alikuwa pale pale, mkono juu, mkono chini, naye uso wake ukisema kwamba siku imekuwa ndefu. Mke wa fundi aliingia kwenye ile baiskeli bila kuinua mguu zaidi ya ngazi ya mlango. Akasogea mpaka mbele, askari akanyanyua mkono, akasimama. Nyayo zake zote mbili zilifika chini. Nyuma yake likasimama gari la kubeba mchanga.

Fundi alibaki kando ya barabara. Aliiweka mikono nyuma, akaikamatanisha, ili isije ikapiga makofi.

Kilima cha nyumbani kilianzia pale pale, bila tambarare hata kidogo. Kwa jicho la mtu aliyesimama chini jioni, kilikuwa kirefu kuliko asubuhi. Fundi alikitazama akajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alikipanda akiwa ametoka kufanya kazi ya kusimama. Hakukumbuka. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Yeye kazini alikuwa anafika kwa kufungua mlango.

Askari akashusha mkono.

Mke wake akabonyeza. Baiskeli ilisogea kabla ya miguu yake, polepole, kama mtu mzima anayenyanyuka kitini, kisha pedeli zikazunguka na miguu ikazifuata. Gari la mchanga likampita. Pikipiki ikampita. Mtu mmoja aliyekuwa anakimbia mazoezi nusura ampite. Yeye aliendelea kupanda, mgongo umenyooka, kapu mbele likitikisika, mpaka akafika kwenye duka la dawa lililo katikati ya kilima. Pale aligeuza, akateremka, akabana breki kwa vidole viwili tu, akasimama mbele ya mume wake.

Hakutabasamu. Fundi alisubiri.

"Ni mbaya," alisema.

"Baiskeli?"

"Sura yake. Nitaonekana kama nampeleka mgonjwa wodini."

"Na kilima?"

Aligeuka akakitazama. "Kilima kipo pale pale. Ila magotini hakikufika." "Ni ya pole. Itabidi nitoke nyumbani mapema zaidi."

"Nitaamka pamoja nawe."

"Wewe lala. Ukiamka utanichelewesha na maelezo. Nipashie maji tu."

"Nitapasha vipi nikiwa nimelala?"

"Hilo ni lako, fundi."

Walirudi dukani. Kocha, ambaye alikuwa amewatazama kutoka mlangoni, alikuwa tayari ameshika spana. Alimwambia mke wa fundi akae juu ya baiskeli, ashike usukani, afumbe macho, kisha akamuuliza wapi panauma.

"Hapa," alisema. "Kifundo cha kulia. Kidogo."

"Kiti kimeelekea mbele, kinakumwaga mikononi." Kocha akalegeza, akakisawazisha, akakaza. "Sasa?"

"Bora. Bado kidogo."

"Usukani nao uko chini kwa kimo chako. Shingo ya usukani iliyo ndefu zaidi ninayo huko nyuma, lakini iko mahali ambapo sasa sipaoni." Alitazama nje, mwanga ulikuwa umepungua. Shingo ya usukani ilikuwa tayari imelegezwa, usukani umelala upande kama kichwa cha mtu aliyesinzia. "Nikiifunga kwa haraka nitaifunga vibaya. Iacheni. Kesho asubuhi nitaitafuta, njoo..."

Akanyamaza. Akamtazama fundi, na wote wawili wakacheka, kicheko kifupi cha watu waliochoka.

"Njoo jioni, dada," Kocha alisema. "Ukitoka kazini. Mikono ikiwa hivyo hivyo."

Kwa hiyo walirudi nyumbani kwa miguu, bila Simba na bila kitanda. Mke alishika bega la mume wake. Waliposimama kupumzika kwenye duka la dawa, fundi aliuliza, akitazama barabara:

"Kesho asubuhi utakwendaje?"

"Kwa miguu. Si ni kesho tu."

"Na msimamizi utamwambia nini?"

Magari yalikuwa yanapita, na taa ya duka la dawa iliwaka, ikazima, ikawaka tena.

"Nitamwambia Jumatatu nipo," alisema. "Na wiki inayofuata nipo. Zaidi ya hapo asiniulize kwa sasa."

Nyumbani aliketi kwenye kigoda cha wateja ili avue viatu. Alivua kimoja, akakiweka kando, akaegemeza kichwa ukutani. Fundi alikuja kuvua cha pili. Alilegeza kamba polepole, akakivuta, na alipoinua macho akaona kwamba amekwisha kulala, mdomo wazi kidogo, viganja vinatazama juu.

Sakafuni, karibu na mguu wake, ilikuwa kadibodi ya mwalimu: mguu mmoja wa kulia, umechorwa vizuri, na nafasi tupu upande wa kushoto. Fundi aliiokota, akaisimamisha ukutani mahali ambapo haitakanyagwa, na penseli akaiweka chini yake.